Umri, Uzoefu na Busara ya Siasa

Swali la kama umri humletea mtu busara katika mambo ya siasa ni la kale kuliko vyama, bunge na kura. Jamii nyingi zililijibu kwa vitendo kabla wanafalsafa hawajalijibu kwa hoja: ziliwaweka wazee barazani na kuwaacha vijana wakisubiri zamu yao. Waswahili nao wana kauli nyingi za upande huo. Husemwa kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Hata hivyo watu haohao husema pia kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hapo umri hautajwi kabisa.

Ili swali lipimike, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa. Umri ni hesabu ya miaka. Uzoefu ni yale yaliyompata mtu katika miaka hiyo pamoja na yale aliyoyatenda. Busara ya siasa ni uwezo wa kuamua vizuri juu ya mambo ya wengi: kupambanua lililo zito na lililo jepesi, kukadiria matokeo ya uamuzi, kuyaona maslahi ya watu wa hali tofauti, na kujua mwisho wa ujuzi wako mwenyewe. Wanaoutukuza umri wanaamini kwamba la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu. Hatua zote mbili zinahitaji kuchunguzwa, kwa sababu mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kupatwa na mengi, na anaweza kupatwa na mengi bila kujifunza.

Hoja ya wanaowategemea wazee

Sparta, katika Ugiriki ya kale, iliiweka imani hii ndani ya mfumo wake wa utawala. Baraza lake kuu, Gerousia, lilikuwa na watu 30: wafalme wawili na wazee 28. Hakuna mzee aliyechaguliwa kuingia humo kabla ya kutimiza miaka 60, na aliyeingia alikaa mpaka kufa. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, naye hakumkabidhi kijana dola. Watawala aliowawazia wangejifunza hesabu na elimu za aina hiyo mpaka miaka 30, wangetumia miaka mitano katika mjadala wa falsafa, kisha wangerudishwa kwenye vita na kazi za umma kwa miaka 15. Wangefika kileleni wakiwa na miaka 50. Huko China, Confucius aliyaeleza maisha yake kama ngazi inayopandwa kwa miongo, tangu kijana wa miaka 15 aliyeamua kutafuta elimu hadi mzee wa miaka 70 ambaye matakwa ya moyo wake hayakugongana tena na haki.

Aliyeijenga hoja hii kwa uangalifu zaidi ni Aristotle. Katika kitabu chake cha maadili anasema kijana hafai kuwa mwanafunzi wa siasa, kwa kuwa somo hilo huchota katika matendo ya maisha ambayo yeye bado hajayapitia. Anaona kwamba vijana huweza kuwa mahodari wa jometri, maana jometri inahusu kanuni za jumla zinazoshikwa na akili kali. Busara ya kutenda ni kitu kingine. Inahusu mambo mahususi: mtu huyu, mji huu, mwaka huu wa njaa, na mambo hayo hujulikana kwa kukutana nayo tu. Kwa hiyo kinachomkosesha kijana si akili, ni muda.

Lakini Aristotle huyohuyo aliiwekea hoja yake mipaka miwili. Kwanza, alisema hakuna tofauti kati ya mtu mchanga wa miaka na mtu mchanga wa tabia, kwa kuwa kasoro yenyewe iko katika kuishi kwa kufuata jazba. Mzee anayeburutwa na hasira zake amebaki mwanafunzi asiyefaa. Pili, katika kitabu chake cha ufasaha wa kusema, aliichora tabia ya wazee bila kuwapendelea. Kwa kuwa wamedanganywa mara nyingi na wamekosea mara nyingi, wanakuwa wenye shaka, waoga na wagumu wa kutumaini, kama vile vijana walivyo wepesi wa kutumaini kupita kiasi. Kilele cha akili alikiweka karibu na miaka 49. Kwa mtetezi huyu mkubwa wa uzoefu, basi, mstari wa busara haupandi moja kwa moja hadi kaburini.

Desturi za Afrika Mashariki zinaonyesha uangalifu huohuo. Miongoni mwa Wameru wa Kenya, baraza la Njuri Ncheke ni la wazee, lakini si kila mzee huingia. Wanaoingia huteuliwa kwa kutazamwa mwenendo wao na uwezo wao wa kuamua mashauri. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilitazama jambo hili kwa karibu. Yeye na wenzake waliwahoji wazee wa jamii mbalimbali za Kenya waliosifika kwa hekima, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu ya falsafa ya wahenga hao. Aligundua makundi mawili. Wapo wanaoijua mila kwa ukamilifu na kuieleza kwa ufasaha, lakini hawatoki nje yake. Wapo wengine wanaoijua vilevile, kisha wakaipima, wakaikubali pale ilipo na sababu na kuikataa pale isipokuwa nayo. Wote ni wazee na wote wana kumbukumbu. Kinachowatofautisha ni tabia ya kuhoji.

Maandiko ya dini

Maandiko yanayosomwa misikitini na makanisani yanaziheshimu mvi, lakini hayaziabudu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Rehoboamu anakwenda Shekemu kutawazwa. Watu wanamwomba awapunguzie mzigo ambao baba yake, Sulemani, aliwatwika. Anaomba siku tatu za kufikiri. Wazee waliomtumikia Sulemani wanamshauri awatumikie watu hao na kuwajibu kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye wanamshauri azidishe ukali. Anawafuata vijana, na makabila kumi yanajitenga na ufalme wake.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wazee dhidi ya vijana. Lakini kitabu hichohicho kinasema Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala, kwa hiyo hao vijana waliokua naye hawakuwa watoto. Walikuwa watu wa makamo waliokulia karibu na kiti cha mfalme. Wazee walikuwa wameuona utawala ukifanya kazi, pamoja na manung'uniko uliyoyazaa. Wenzake Rehoboamu walikuwa na miaka ya kutosha, lakini miaka yao ilipita mahali ambapo kilio cha watu hakikufika. Tena maisha ya Sulemani mwenyewe yanakwenda kinyume cha matarajio. Alipoanza kutawala alikiri udogo wake na kutojua kwake, akaomba moyo wa kupambanua mema na mabaya, akapewa. Ni katika uzee wake, baada ya miaka mingi ya utajiri na sifa, ndipo moyo wake ulipogeuzwa. Kitabu cha Ayubu kinaongeza la tatu: Elihu, kijana aliyewasubiri wakubwa zake wamalize kusema, anaishia kutamka kwamba wingi wa miaka peke yake haumpi mtu ufahamu.

Katika Uislamu nako pande zote mbili zipo. Kurani, katika Surat Al-Ahqaf, inautaja umri wa miaka 40 kuwa ni wakati mtu anapokomaa na kumgeukia Mola wake kwa shukrani. Lakini Nabii Ibrahim alikuwa kijana alipoyavunja masanamu ya watu wake, Watu wa Pangoni walikuwa vijana, na Nabii Yahya alipewa hukumu angali mtoto. Watu wa kaumu mbalimbali wanalaumiwa kwa kung'ang'ania tu waliyowakuta nayo baba zao. Mtume alipompa Usama bin Zayd, kijana wa takriban miaka 18, uongozi wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake, baadhi ya watu walinung'unika. Mtume alimtetea hadharani, na Abubakar alipokuwa khalifa aliuheshimu uteuzi huo.

Kisa cha Ibn Abbas kinafundisha zaidi. Khalifa Umar alikuwa akimwingiza kijana huyu katika kikao cha wazee waliopigana vita vya Badr. Baadhi yao waliuliza kwa nini, hali wao wana watoto wa rika lake wasioitwa. Umar hakujibu kwa amri. Aliwauliza wote maana ya Surat An-Nasr. Wengine walisema ni agizo la kumshukuru Mungu ushindi unapokuja, na wengine wakanyamaza. Ibn Abbas alisema sura hiyo ilikuwa inamjulisha Mtume kwamba kifo chake kimekaribia. Umar akasema naye hajui maana nyingine. Wazee hawakufukuzwa kikaoni na kijana hakupewa nafasi kwa huruma. Wote waliulizwa swali moja, na jibu likapimwa kwa uzito wake.

Yale yaliyopimwa

Karne iliyopita swali hili liliingia katika utafiti. Jambo la kwanza lililobainika ni kwamba akili haizeeki yote kwa mwendo mmoja. Raymond Cattell na John Horn walitofautisha wepesi wa kutatua jambo jipya, ambao huanza kupungua mapema utu uzimani, na akiba ya maarifa na msamiati, ambayo hudumu na hata kukua mpaka uzeeni. Kama siasa ni fumbo jipya, kijana ana nafuu. Kama siasa ni jambo la zamani lililovaa nguo mpya, nafuu ni ya mzee.

Jijini Berlin, Paul Baltes na Ursula Staudinger waliwapa watu wa rika mbalimbali matatizo magumu ya maisha na kuyapima majibu yao. Waliona ujuzi huo ukikua kwa kasi katika ujana, lakini baada ya miaka 25 hivi umri peke yake uliongeza kidogo sana. Igor Grossmann na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walipata picha inayowapendeza wazee zaidi. Waliwapa watu wa Michigan, Marekani, habari za migogoro kati ya makundi ya jamii na kuwauliza mambo yatakwendaje. Waliozidi miaka 60 waliongoza katika kuuona mgogoro kwa macho ya pande zote, kukiri wasiyoyajua na kutafuta maafikiano, ingawa wepesi wao wa akili ulikuwa umepungua. Matokeo haya mawili hayagombani. Mzee wa kawaida anaweza kumzidi kijana wa kawaida katika subira ya kuyatazama mambo, lakini tofauti kati ya mzee na mzee ni kubwa kuliko tofauti kati ya rika na rika.

Maoni ya siasa yenyewe yana tabia yake. Mengi huundwa kati ya ujana na mwanzo wa utu uzima, kisha huganda. Theodore Newcomb aliwachunguza wanafunzi wa kike wa chuo cha Bennington, Marekani, katika miaka ya 1930. Wengi walitoka familia za kihafidhina na wakabadilika kutokana na mazingira ya chuo. Walipofuatwa tena katika miaka ya 1960, na mara nyingine mwaka 1984, wengi walikuwa wameshikilia msimamo walioupata chuoni. Mwanasosholojia Karl Mannheim alikuwa ameeleza sababu tangu mwaka 1928: kila kizazi huutazama ulimwengu kupitia matukio yaliyokikuta kikiwa bado laini. Kwa hiyo maoni ya mtu wa miaka 70 hayatokani lazima na miaka 70 ya kufikiri. Yanaweza kuwa maoni ya miaka 20 yaliyotunzwa kwa nusu karne.

Ushahidi mzito zaidi juu ya siasa ni wa Philip Tetlock. Kwa takriban miongo miwili aliwaomba wataalamu 284 wa siasa na uchumi watoe maelfu ya utabiri unaoweza kuhakikiwa, na matokeo akayachapisha mwaka 2005. Miaka ya kazi na shahada havikuwafanya watabiri vizuri zaidi. Kilichowatofautisha ni namna ya kufikiri. Waliokuwa na wazo moja kubwa la kuelezea kila kitu walikosea zaidi. Waliochukua taarifa kutoka pande nyingi, wakakubali shaka na kubadili kauli upesi, walikosea kidogo. Na wale waliosikika sana katika vyombo vya habari hawakuwa bora kuliko wenzao wasiojulikana.

Kwa nini siasa hufundisha polepole

Matokeo ya Tetlock yanashangaza kwa sababu katika kazi nyingine uzoefu hufundisha bila shaka. Nahodha wa jahazi aliyevuka misimu mingi ya kaskazi na kusi kati ya Lamu na Zanzibar huijua bahari kuliko kijana aliyepanda chombo juzi. Daniel Kahneman na Gary Klein walieleza mwaka 2009 masharti yanayofanya uzoefu uzae ujuzi wa namna hiyo: mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na anayetenda apate jibu la kitendo chake upesi na wazi. Nahodha anayo yote mawili. Pepo hurudi kila mwaka kwa wakati wake, na akikosea kuusoma mkondo, chombo humwambia saa ileile.

Mwanasiasa hana hilo la pili, na mara nyingi hana hata la kwanza. Sera ya kilimo inayotangazwa leo inaweza kuonyesha matunda yake baada ya miaka minane, ikiwa imechanganyika na ukame, bei ya mafuta na vita vya jirani. Anayetaka kujisifu atapata cha kujisifia, na anayetaka kisingizio hatakikosa. Zaidi ya hayo, kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo wanaomzunguka wanavyochuja habari. Kiongozi wa miaka 20 madarakani anaweza kuwa na miaka 20 ya kusikia kwamba yuko sahihi. Hata mpiga kura wa kawaida huishi hivyo pale anapozungumza siasa na watu wa upande wake tu.

Uzoefu unaweza pia kupotosha kwa nguvu yake wenyewe. Anthony Eden alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje wa Uingereza Februari 1938, akipinga jinsi waziri mkuu wake alivyokuwa akimbembeleza Mussolini, dikteta wa Italia. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba alikuwa sahihi. Jamal Abdel Nasser wa Misri alipotaifisha Mfereji wa Suez Julai 1956, Eden alikuwa waziri mkuu mwenye miaka 59 na somo moja kubwa kichwani. Alimwona Nasser kama dikteta mwingine wa miaka ya 1930 asiyepaswa kupewa hata shubiri moja. Uingereza, Ufaransa na Israeli zikaishambulia Misri, Marekani ikazibana, na majeshi yakaondoka bila kupata mfereji. Eden alijiuzulu Januari 1957. Somo lake la 1938 lilikuwa la kweli, ila mwaka 1956 haukuwa 1938, na Misri iliyodai mfereji wake haikuwa Italia iliyovamia Uhabeshi.

Viongozi watatu

Maisha ya Julius Nyerere yanaonyesha jinsi uzoefu unavyogeuka kuwa busara, na kwa gharama gani. Aliiongoza TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, tangu kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, akiwa na miaka 32. Mwaka 1962 aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, kilichowahimiza wanachama kukosoana na kukubali makosa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa. Aliwakasirikia na kuwafukuza karibu 400. Lakini siku hiyohiyo hoja yao kwamba wakubwa wanalipwa mno ilimgusa: alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliwawekea viongozi miiko ya kutojilimbikizia mali. Vijana walikosa katika jambo moja na kuona sawasawa katika jingine, naye, pamoja na hasira yake, alisikia lile la pili.

Miaka iliyofuata serikali yake ilivunja mamlaka za serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Vyote vilirudishwa baadaye, na katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1984 alitaja maamuzi hayo mawili kuwa ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Mwaka 1985 aliachia urais wa Tanzania. Mwaka 1990, akielekea miaka 68, mtu aliyeujenga mfumo wa chama kimoja alisema kuujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikuta wananchi karibu wanane katika kila kumi wanataka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, Nyerere akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hakuna kati ya hatua hizi iliyoletwa na miaka peke yake. Zililetwa na kulinganisha lililokusudiwa na lililotokea, na kukubali kusema tofauti hiyo hadharani.

Nelson Mandela wa Afrika Kusini na Robert Mugabe wa Zimbabwe wanalipima swali hili vizuri zaidi, kwa kuwa maisha yao yanafanana sana. Mandela alizaliwa mwaka 1918, Mugabe mwaka 1924. Wote walipita chuo cha Fort Hare, wote walifungwa kwa miaka mingi na utawala wa walowezi, wote walisoma kwa njia ya posta wakiwa gerezani, na wote walianza kutawala kwa maneno ya upatanisho. Uzoefu ulikuwa wa aina moja. Matunda hayakuwa ya aina moja.

Septemba 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyokuwa changa, ilibatilisha matangazo ya rais kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa katika jimbo la Western Cape. Mandela, mwenye miaka 77, alijitokeza akakubali hukumu hiyo na kuwataka wengine waiheshimu. Mwaka 1999 alimaliza muhula mmoja akaondoka. Februari 2000 wapiga kura wa Zimbabwe, karibu asilimia 55, waliikataa rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na serikali. Mugabe, aliyekuwa anatimiza miaka 76, aliyapokea matokeo kwa maneno, lakini wiki hizohizo uvamizi wa mashamba ulianza, na wapinzani wakaandamwa katika uchaguzi uliofuata. Alikaa mpaka Novemba 2017, akiwa na miaka 93, jeshi lilipoingilia kati. Wazee wawili wa umri karibu mmoja walikataliwa jambo na nchi zao. Mmoja alikupokea kukataliwa huko kama somo, na mwingine kama uasi.

Maslahi si busara

Tofauti za maoni kati ya wazee na vijana mara nyingi si tofauti za busara. Ni tofauti za maslahi. Mstaafu anaangalia pensheni na bei ya dawa. Kijana anaangalia ajira, na deni la taifa litakalolipwa yeye akiwa mtu mzima. Katika kura ya maoni ya Uingereza ya mwaka 2016, wazee wengi walitaka kutoka Umoja wa Ulaya na vijana wengi walitaka kubaki, na kila upande ulikuwa na hesabu yake. Kumwita mzee mwenye hekima kwa kuwa anatetea lililopo, au kijana mwenye upeo kwa kuwa anataka jipya, ni kulikwepa swali. Kila rika lina kitu ambacho jingine halikioni: wazee wanakumbuka gharama za maamuzi yaliyopita, na vijana ndio watakaoishi muda mrefu na gharama za maamuzi ya leo. Barani Afrika, ambako karibu nusu ya watu hawajafika miaka 20, baraza la rika moja ni baraza lenye upofu.

Umri katika sheria

Katiba za nchi zinajibu swali hili kwa njia zinazotofautiana. Tanzania inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, na mgombea ubunge 21. Kenya, katika Katiba ya 2010, haikuweka umri wa chini wa rais zaidi ya ule wa kupiga kura. Nigeria ilishusha umri wa kugombea urais kutoka 40 hadi 35 mwaka 2018. Uganda, mwaka 2017, iliondoa katika katiba yake ukomo wa miaka 75 kwa rais pamoja na sharti la kutimiza miaka 35.

Vigezo hivi vina kazi yake, lakini vinapima kile kinachopimika kwa urahisi, yaani tarehe ya kuzaliwa. Mfumo wa Gada wa Waoromo, unaofuatwa pia na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, ulilenga mahali pazuri zaidi. Mtu hupita daraja moja baada ya jingine kwa miaka mingi kabla ya kundi lake kushika uongozi, kwa hiyo uzoefu unathaminiwa. Lakini kundi hilo hutawala miaka minane tu, kisha hukabidhi kwa jingine na kubaki washauri. Aliyetawala hupata nafasi ya kuyaona matendo yake akiwa nje ya mamlaka, na anayeingia hupata mshauri asiyeweza kumzuia. Ukomo wa mihula, mahakama huru, vyombo vya habari visivyoogopa na mabaraza yenye rika zote hufanya kazi hiyohiyo katika dola ya leo: humletea kiongozi jibu ambalo siasa yenyewe huchelewa kulitoa.

Hukumu ya jumla basi ni hii. Umri hauleti busara ya siasa, na ujana hauizuii. Miaka humpa mtu mambo ya kufikiria. Anayeyafikiria, akayalinganisha na matokeo, akawasikia wanaompinga na kujirekebisha, huwa na busara inayokua mpaka uzeeni. Asiyefanya hivyo huzeeka na makosa yake. Mzee anastahili heshima kwa uzee wake, lakini shauri lake juu ya nchi linastahili kufuatwa kwa sababu zake tu, na kipimo hichohicho kitumike kwa shauri la kijana.